Kubebesha arabika juu ya mizizi ya robusta kwa shamba lililochoka kahawa

Shamba lililobeba mibuni kwa miaka hamsini au sitini mara nyingi hukataa mibuni mipya. Miche hupandwa ikiwa mizuri, hushika vizuri mvua za kwanza, halafu mwaka wa pili inaduma. Majani ya chini yanakuwa ya njano, matawi ya kwanza yanatoka mafupi, na kiangazi kikiingia mche unalegea mchana wakati mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuwa na kahawa, umesimama wima. Mkulima anaongeza samadi, anaongeza mbolea ya CAN, na hali inabaki ileile.

Ikiwa chanzo ni minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya arabika, dawa mojawapo ni kubadilisha mizizi: kikonyo cha arabika, yaani kichwa cha mche kilichokatwa, kinabebeshwa juu ya mche mchanga wa robusta, wote wawili wakiwa bado vichipukizi vya kitaluni. Njia hii ilitoka Guatemala katika miaka ya 1960, na hadi leo Amerika ya Kati huiita kwa jina la Reyna, mtaalamu aliyeieleza. Ilienea huko kwa sababu ya minyoo ya mizizi kwenye miteremko ya upande wa Pasifiki. Brazil nayo ilifika hapohapo kwa njia yake: katika majimbo ya São Paulo na Paraná, ambako minyoo fundo iliua mashamba mazima ya arabika, wakulima walianza kupanda upya kwa miche iliyobebeshwa juu ya robusta iitwayo Apoatã IAC 2258.

Usichanganye kazi hii na ile inayofanywa sana Kenya, ya kukata mbuni mzee wa arabika ya aina ya SL28 na kubebesha juu yake aina mpya za Ruiru 11 au Batian. Ile hubadilisha kichwa na kuacha mizizi ya zamani. Inafaa sana dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, kwa kuwa hayo ni magonjwa ya juu. Kama tatizo lako liko chini ya ardhi, utakuwa umeweka kichwa kipya juu ya mizizi ileile inayokufa.

Chimba kabla ya kuagiza mbegu

"Udongo umechoka" ni jina moja la matatizo matano au sita, na kubebesha kunatibu mawili tu kati yake. Chimbua mibuni mitatu iliyodumaa na mmoja wenye afya wa kulinganisha. Usivute, maana mizizi midogo ndiyo ushahidi wenyewe na hukatika ukivuta. Zungusha mtaro nusu mita kutoka shinani, inua bonge zima, kisha lioshe taratibu ndani ya pipa la maji.

Vifundo kwenye mizizi midogo ni kazi ya minyoo fundo. Kwenye kahawa usitegemee mabonge makubwa kama unayoyaona kwenye nyanya. Mara nyingi ni uvimbe wa milimita chache karibu na ncha, au mzizi ulionenepa na ganda lake kupasuka na kukauka. Kundi la pili la minyoo, wale wa Pratylenchus, haliachi vifundo kabisa: mizizi midogo inageuka kahawia hadi nyeusi, ganda linavuka ukilipitisha kucha, na kinachobaki ni uzi wa katikati. Hawa wote wawili ndio ambao mizizi ya robusta inaweza kukusaidia dhidi yao.

Ukichuna gamba kwenye shingo ya mzizi ukakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, hiyo ni Armillaria, kuvu inayoishi kwenye visiki vya miti ya zamani. Robusta nayo hushikwa. Hapo kazi ni kung'oa visiki na mizizi yote minene, si kubebesha. Kata pia shina kwa mshazari usawa wa ardhi: mti wenye rangi ya kahawia iliyoingia zambarau unaonyesha fuzari ya mizizi, kuvu ambayo kwa kawaida huingia kupitia majeraha ya jembe au mbuni uliokwisha dhoofika. Tafuta kilichoudhoofisha kwanza.

Mizizi safi lakini mifupi, minene, isiyo na matawi madogo, inaelekeza kwenye udongo wenyewe. Miaka mingi ya mbolea zenye amonia hushusha pH (kipimo cha uchachu wa udongo), na ikipita chini ya 4.5 aluminiamu inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mashamba yaliyopuliziwa dawa za kopa miaka na miaka dhidi ya chulebuni na kutu huwa pia na kopa nyingi kwenye tabaka la juu, na kopa haiondoki. Hakuna mche wa kubebeshwa utakaotibu hayo. Peleka sampuli maabara ya udongo ya taasisi za utafiti wa kilimo, TaCRI Lyamungu au TARI Mlingano kwa Tanzania, KALRO kwa Kenya, na uweke chokaa kwa kipimo watakachokupa.

Mwisho, angalia mzizi mkuu. Ukiwa umepinda kama ndoano, mbuni ule uliharibiwa siku ulipohamishiwa kwenye kiriba, mfuko wa kukuzia mche. Sehemu kubwa ya lawama zinazopewa udongo ni za mizizi iliyokunjwa kitaluni.

Kama bado una shaka, fanya jaribio la viriba. Chukua udongo sehemu tano za shamba, kina cha sentimita 10 hadi 30, uchanganye, ugawe mara mbili. Nusu ipike kwa mvuke: weka maji kidogo chini ya pipa, tundika wavu juu yake, jaza udongo wenye unyevunyevu, funika, koka moto. Fukia kiazi kimoja katikati. Kikiiva, udongo umeiva. Uache upoe na upumue wiki mbili kabla ya kupanda, kwa sababu udongo uliotoka motoni huwa na amonia inayounguza miche. Jaza viriba kumi vya udongo uliopikwa na kumi vya udongo mbichi, panda miche ya arabika yenye ukubwa sawa, uiangalie kwa miezi minne. Miche ya udongo uliopikwa ikiwa mikubwa waziwazi na mizizi ya upande wa pili ikiwa na vifundo au weusi, tatizo ni viumbe wa udongoni, na kubebesha kuna maana. Tofauti ndogo ya ukijani isikudanganye: kupika hufungua naitrojeni, kwa hiyo udongo uliopikwa hupendeza kidogo kwa vyovyote. Pande zote mbili zikiwa dhaifu, rudi kwenye chokaa.

Mizizi ya kutumia

Robusta ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Liberika na jamaa zake wana mizizi mikali, na Vietnam hutumia liberika kubeba robusta kwenye mashamba yanayopandwa upya. Kwa arabika hali ni tofauti: majaribio ya Costa Rica yalionyesha kwamba arabika juu ya liberika na juu ya dewevrei, jamaa yake wa karibu, huzaa vibaya, na juu ya dewevrei punje hupungua ukubwa na kahawa hupoteza harufu. Robusta haikuleta hasara ya namna hiyo.

Lakini "robusta" si mche mmoja. Arabika hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu zake hufuata mama kwa karibu sana. Robusta haiwezi kujichavusha. Kila mbegu ina baba mwingine, na mbegu mia za mbuni mmoja ni mizizi mia tofauti. Baadhi itahimili minyoo na baadhi haitahimili. Ndiyo sababu Amerika ya Kati ilitengeneza Nemaya, mbegu ya chotara wa robusta mbili zilizochaguliwa kwa ukinzani dhidi ya minyoo. Tena, minyoo ya Kilimanjaro au Kiambu si lazima iwe ileile ya Guatemala. Afrika Mashariki ina aina zake, mojawapo ikiwa Meloidogyne africana, kwa hiyo sifa ya mzizi iliyothibitishwa kule haihamii hapa moja kwa moja.

Mwenye shamba Tanzania ataelekea Kagera kutafuta mbegu. Aelewe jambo moja: robusta ya Kagera, Uganda na Kongo ina mnyauko fuzari, ugonjwa uliofyeka mashamba katika miaka ya 1990, na kuvu yake hukaa kwenye mti na udongo. Chukua mbegu tu, iliyochaguliwa na kutolewa na taasisi ya utafiti, isiyo na udongo wala vipande vya matawi. Usisafirishe miche wala vipandikizi. Na kama shamba lako lenyewe liko eneo lenye mnyauko wa robusta, usiweke mizizi ya robusta hapo kwa mbegu ya kuokoteza. Utakuwa unaleta chakula cha ugonjwa ambao arabika yako isingeupata. Mbegu zilizotoka kwenye klonu (mibuni iliyozalishwa kwa vipandikizi vya mti mmoja) zinazovumilia mnyauko ni afadhali, ingawa kwa sababu ya uchavushaji si watoto wote wanaorithi uvumilivu huo.

Mwinuko nao uzingatiwe. Robusta ni mti wa joto. Juu ya mita 1,500 hivi, udongo wa baridi huichelewesha, na huko anza na mistari michache.

Hesabu ya mbegu

Hekta moja kwa nafasi ya mita 2.74 kwa 2.74 inachukua mibuni 1,330. Kwa kila miche 1,000 unayotaka kupanda, tenga mbegu 1,800 za robusta na 1,800 za arabika. Hesabu hiyo inachukulia kwamba nane katika kumi zitaota, nane katika kumi za kubebeshwa zitashika, na moja katika kumi ya zilizoshika itatupwa kwa udhaifu. Kilo moja ya mbegu za arabika zenye ganda la ndani huwa na punje 3,000 hadi 4,000, kwa hiyo kiasi kidogo zaidi ya nusu kilo cha kila aina kinatosha. Mbegu za kahawa hazikai. Zioteshe ndani ya miezi miwili tangu kuvunwa, robusta mapema zaidi.

Sia tuta mbili tofauti, na kila tuta uliwekee kibao cha jina. Ikichanganyika, vichipukizi vya umri huo havitofautishiki kwa macho ya mtu asiyezoea, na matokeo yake ni robusta iliyobebeshwa juu ya arabika, jambo ambalo utalijua baada ya miaka mitatu.

Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa hadi maji yatoke safi, kina cha sentimita 25 ili mzizi mkuu ushuke bila kugonga chochote. Mwagia maji yanayochemka siku moja kabla ya kusia. Robusta iende ardhini siku 10 hadi 15 kabla ya arabika kwa kuwa huota polepole. Mahali pa baridi tofauti hiyo huongezeka, kwa hiyo jaribu kwanza mbegu hamsini za kila aina na uhesabu siku. Weka punje upande bapa ukiangalia chini, kina cha sentimita moja, umbali wa sentimita mbili na nusu. Funika kwa nyasi kavu na unyeshe kila siku, bila kutuamisha maji. Vichwa vikianza kuinua mchanga, ondoa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo shina litarefuka na kupinda.

Siku ya kubebesha

Miche iko tayari wakati shina limenyooka, bado halina mti, na kichwa bado kimefungwa ndani ya ganda la mbegu kama njiti ya kiberiti, hadi pale majani mawili ya mbegu yanapofunguka. Hapo shina lina unene wa milimita mbili hadi tatu. Katika joto la wastani hiyo ni kati ya siku 55 na 75 tangu kusia. Jozi ya kwanza ya majani ya kweli ikishatoka, shina linaanza kuwa gumu na idadi inayoshika inashuka haraka.

Andaa nyembe mpya zilizovunjwa katikati, spiriti ya kufutia, beseni mbili za maji safi, kibao laini, na mikanda. Mkanda unaofaa zaidi ni Parafilm, unaonyooka na kuoza wenyewe. Usipopatikana, kata mfuko mwembamba wa plastiki vipande vya upana wa nusu sentimita na urefu wa sentimita kumi. Huo itabidi uufungue baadaye kwa mkono. Kazi ifanyike kivulini, pasipo upepo, asubuhi.

Ng'oa miche ya robusta kwa kijiti cha kuinulia, michache kwa wakati, uoshe mchanga na uilaze kwenye maji. Ya arabika pia, beseni lake peke yake. Usitoe zaidi ya utakayomaliza ndani ya saa moja.

1. Chagua jozi yenye unene sawa. Hili ndilo linaloamua zaidi ya ustadi wa mkono. Kikonyo chembamba juu ya shina nene hugusana upande mmoja tu.

2. Tupa robusta yoyote yenye mzizi uliopinda au uma. Mzizi mkuu ukizidi sentimita nane, ukate ncha kwa wembe.

3. Kata robusta sentimita nne hadi tano juu ya shingo ya mzizi, mkato wa kulala. Kichwa kitupe. Pasua shina katikati kwenda chini sentimita moja hadi moja na nusu, kwa msukumo mmoja bila kukereza.

4. Kata arabika sentimita tatu hadi nne chini ya kichwa. Chonga mwisho wake pande mbili uwe kabari yenye urefu uleule wa mpasuko, kila upande kwa mkato mmoja. Ukirudia mara tatu uso unakuwa na mawimbi, na kwenye mawimbi kuna hewa.

5. Ingiza kabari hadi chini kabisa ya mpasuko. Pembezoni za maganda zilingane, angalau upande mmoja kikamilifu.

6. Funga kuanzia chini ya mpasuko kupanda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, hadi juu kidogo ya maungio. Mkanda ukaze bila kubonyeza shina. Ukiinua mche kwa kichwa, mizizi isidondoke.

Futa wembe kwa spiriti baada ya kila miche kumi na uutupe unapoanza kuvuta nyuzi. Anayeanza aridhike na miche hamsini safi siku ya kwanza. Aliyezoea hufikisha mia kadhaa. Tena heri watu wawili, mmoja akikata na mwingine akifunga, kwa kuwa kidonda kinachokaa wazi dakika mbili tayari kinakauka.

Robusta iliyokatwa hapa, chini ya majani ya mbegu, haina macho ya kuchipua. Ni faida kubwa kuliko inavyoonekana: mbuni uliobebeshwa ukiwa mkubwa, juu ya vifundo vya majani, hutoa maotea ya robusta chini ya maungio maisha yake yote, na vibarua wa kupogoa hawaijui robusta kwa sura. Huu hautoi.

Wiki nne za unyevu

Miche iliyofungwa ipandwe saa hiyohiyo. Unaweza kuiweka moja kwa moja kwenye viriba au kwenye tuta la mchanga kisha uihamishe. Viriba huokoa hamisho moja. Tuta huokoa nafasi na viriba vya miche itakayokufa. Kwa fundi ambaye bado anapoteza zaidi ya mmoja katika watano, tuta ni bora.

Toboa shimo kwa kijiti, shusha mzizi ukiwa umenyooka, shindilia mchanga pembeni, na maungio yabaki juu ya mchanga. Juu ya tuta jenga upinde wa fito wa nusu mita, funika kwa plastiki nyeupe isiyotoboka, kingo zizikwe. Juu yake tena weka kivuli kinachozuia kama theluthi mbili ya jua. Nyunyiza mara tu baada ya kupanda, funga, na uangalie asubuhi: ndani ya plastiki lazima pawe na matone. Pasipokuwa na matone, nyunyiza ukungu mwembamba. Joto la ndani likizidi nyuzi 30, ongeza kivuli. Usifungue plastiki mchana.

Wiki tatu hadi nne zikipita, kichwa kikiwa kimefunguka na kijani, anza kufungua ncha moja ya upinde saa za jioni, siku inayofuata ncha zote mbili, na kuendelea hivyo kwa wiki mbili hadi plastiki iondoke. Ukikimbiza hatua hii unapoteza miche iliyokwisha kushika. Mkanda wa plastiki ufunguliwe karibu siku ya 60, kwa kuupasua kwa wembe upande mmoja.

Udongo wa viriba uwe sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni au malishoni, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Udongo wa chini ya mibuni au migomba usiingie kitaluni hata kidogo. Mizizi ya robusta huhimili minyoo ikiwa na nguvu. Mche unaozaliwa ndani ya minyoo hauna nafasi hiyo. Kiriba kiwe na kina cha sentimita 23 au zaidi.

Kinachoharibika, na sababu yake

Kikonyo kikinyauka ndani ya siku tano za kwanza, hewa ilikuwa kavu au kidonda kilikauka kabla ya kufungwa. Kikinyauka wiki ya tatu wakati kilikuwa kimesimama vizuri, kabari haikugusana na maganda: kilikuwa kinaishi kwa akiba ya mbegu yake. Fungua kimoja uangalie. Ukikuta tishu nyeupe ya kovu upande mmoja tu, tatizo ni unene usiolingana.

Maungio meusi yanayonuka yametokana na wembe mchafu au maji yaliyotuama juu ya mkanda. Usinyunyize matone makubwa.

Mche ukipendeza kupita kiasi, angalia chini ya mkanda. Ndani ya unyevu wa plastiki, kabari ya arabika wakati mwingine hutoa mizizi yake yenyewe, inapita pembeni ya mpasuko na kuingia mchangani. Huo sasa ni mche wa arabika wenye kisiki cha robusta ubavuni. Utupe. Ukiukata mizizi hiyo mapema unaweza kupona, lakini ni afadhali kutokuwa na mashaka shambani.

Uvimbe wenye shingo nyembamba juu yake ni mkanda uliochelewa kufunguliwa. Na kuna miche ambayo itashika, ikaishi, ikabaki ya njano na mifupi bila sababu inayoonekana. Arabika ina kromosomu 44 na robusta 22; si kila jozi inapatana, na robusta za mbegu zinatofautiana mno. Itupe ikiwa kitaluni. Mche unaosuasua kwenye udongo mzuri hautafufuka kwenye udongo mbaya.

Shamba wakati miche inakua

Tangu kusia hadi kupanda ni miezi kumi hadi kumi na miwili, na muda huo shamba lisilale. Ng'oa mibuni ya zamani na mizizi yote minene kuliko penseli hadi kina cha nusu mita, uichome. Mizizi iliyobaki ardhini huendelea kulisha minyoo kwa miezi mingi. Panda marejea (Crotalaria), mmea wa mbolea ya kijani, uikate ikianza kutoa maua na kuichanganya na udongo, halafu panda tena. Jamii hiyo ya mimea haiilishi minyoo fundo vizuri, na inaacha naitrojeni. Maharage, nyanya na viazi mviringo vinailisha, kwa hiyo mtu anayepanda maharage "kupumzisha" shamba la kahawa anaitunzia minyoo nyumba. Migomba nayo ina minyoo yake, baadhi ikiwa ni ya Pratylenchus. Kwenye kihamba, shamba la nyumbani la kahawa na migomba, ambako migomba haiondoki, angalau chimba mashimo mapya mbali na mashina yake.

Mashimo yawe ya sentimita 60 kila upande, katikati ya mistari ya zamani, si mahali kisiki kilipong'olewa. Yachimbwe miezi mitatu kabla ya mvua. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza na gramu 100 hadi 200 za mbolea ya TSP.

Panda mche ukiwa na jozi sita hadi nane za majani. Kosa linaloharibu kazi yote ya mwaka hutokea hapa: mpandaji anazika maungio. Arabika ikigusa udongo inatoa mizizi, minyoo inaikuta, na shamba linarudi lilikokuwa. Maungio yakae sentimita tano juu ya ardhi baada ya udongo kushuka, kwa hiyo panda juu kidogo kuliko kawaida. Waambie pia wanaopalilia wasipandishie udongo shinani, na matandazo yaache duara la sentimita kumi na tano. Kwenye mteremko kagua kila baada ya mvua kubwa, maana maji hushusha udongo na kuufukia upande wa juu wa shina. Wakati wa kukata visiki miaka ya mbele, sentimita 30 hadi 45 za kawaida zinaacha maungio salama chini, na maotea yote yatakuwa ya arabika.

Usibadilishe shamba zima kwa mara moja. Kila mistari mitano ya miche iliyobebeshwa, weka mmoja wa arabika ileile isiyobebeshwa, ya umri uleule na mbolea ileile. Mwisho wa mwaka wa pili pima urefu na unene wa shina kwa mistari yote, kisha chimbua mbuni mmoja wa kila upande, osha mizizi, na uhesabu vifundo kabla hujaagiza mbegu za awamu ya pili.